Mafuta ya Karafuu na Vijidudu Sugu

Chupa ndogo za mafuta ya karafuu au ya mkaratusi siku hizi hutembezwa stendi na minadani, na muuzaji husema yanatibu kila kitu, hata ugonjwa uliokataa dawa za hospitali. Tuone lililo kweli.

Kwamba kuna vijidudu vilivyozoea dawa ni kweli, tena si mbali. Wilayani Kongwa vijiji vizima viligawiwa azithromaisini kupambana na trakoma, dawa iliyosaidia macho ya wengi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miezi 6 baada ya ugawaji, watoto wa vijiji vilivyopewa walikutwa zaidi na bakteria wa nimonia wasiosikia dawa hiyo kuliko watoto wa vijiji visivyopewa. Ikiwa dawa iliyotolewa kwa mpango hufanya hivyo, fikirini vidonge vya rangi mbili tunavyonunua vinne vinne dukani!

Na mafuta? Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, zile za Unguja na Pemba, ni kitu kiitwacho yujenoli. Baadhi ya aina za kivumbasi, kinachoota nyuma ya nyumba zetu, zinacho pia. Yujenoli hutoboa utando laini unaoshikilia mwili wa bakteria, vya ndani vikavuja, naye akafa. Kwa kuwa haipiti njia ileile ya antibiotiki nyingi, katika maabara imeua hata stafilokoka sugu, wale wa majipu na vidonda. Madaktari wa meno nao wameitumia kwa zaidi ya karne moja, wakiichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda.

Lakini kisahani cha maabara si mwili wa mtu. Yujenoli haichagui: ikizidi huunguza mdomo na tumbo, na wapo watoto waliokunywa mafuta ya karafuu wakaharibika ini. Mafuta ya mkaratusi, hata kijiko kimoja, yanaweza kumtia mtoto degedege. Kwa hiyo nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo si kazi ya chupa ile, aseme nini muuzaji.

Jino likiuma usiku, karafuu nzima iliyobanwa kati ya meno hutuliza hadi asubuhi. Mtoto akipumua mbio na kifua kubonyea ndani, mpelekeni zahanati usiku huohuo. Akiandikiwa dawa za siku 5, apewe zote, hata kama siku ya pili ameanza kucheza.