Mgeni Asilazimishwe Kula

Shangazi amekuja kutoka mjini. Mwaka juzi alikuwa mnene mno, hata kutembea kulimsumbua. Sasa amepungua sana. Mnamtengea ugali, anakula matonge matatu, ananawa mikono. "Ongeza basi, shangazi! Mbona umekonda hivi? Unaumwa?"

Ndugu msomaji, shangazi haumwi. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Katika aina moja ya upasuaji huo, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Unaobaki ni mwembamba kama ndizi. Ndiyo maana anashiba upesi.

Je, mwili hutumiaje chakula? Hukichoma kama taa ya chemli inavyochoma mafuta. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Hata ukilala, moyo unapiga na mapafu yanavuta hewa. Kwa watu wengi, kazi hizo za ndani hutumia zaidi ya nusu ya kalori za siku nzima.

Mtu akipungua, mwili wake mdogo hutumia kalori chache. Tena mwili hujishushia utambi, kama vile kuna njaa. Huko Marekani, mwaka 1945, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa karibu miezi sita. Walikonda, na miili yao ikapunguza sana matumizi ya kalori.

Basi, chakula kilichomtosha shangazi zamani, sasa kinazidi. Kinachozidi hugeuka mafuta mwilini, na unene unarudi. Soda na chai ya sukari nyingi ni za kuangalia sana, maana hupita upesi bila kumshibisha. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi.

Tumsaidieje?

1. Tusimlazimishe kula.
2. Aanze na maharage, samaki, mayai au kuku. Vyakula hivi hulinda misuli.
3. Atembee na kufanya kazi kadiri ya nguvu zake.
4. Asiache vidonge vya vitamini alivyopewa na daktari.
5. Ajipime uzito mara kwa mara. Ukikaa pale pale, chakula kinatosha. Ukipanda, apunguze. Ukizidi kushuka, au akitapika kila mara, aende hospitali upesi.

Kumkirimu mgeni ni vizuri. Lakini huyu, mpe kidogo, halafu mpe mazungumzo mengi.