Je, Wajua? Mng'ongo wa Simiyu na Uongo wa Tembo Mlevi

Katika mkoa wa Simiyu mtu akisema mti wenye faida shambani, wengi huwaza mwembe. Ndugu yake wa porini hutajwa mara chache: mng'ongo, mti wa jamii moja na mwembe na mkorosho, wenye gamba la kijivu linalobanduka mabaka mabaka. Wataalamu huuita Sclerocarya birrea. Kusini mwa Afrika ni marula.

Je, wajua kwamba Tanzania ndiyo nchi pekee ambamo aina ndogo zote tatu za mng'ongo huota? Mojawapo, multifoliolata, haipatikani kwingine kokote duniani. Utajiri huo tunao, na wengi wetu tunaupita njiani kila siku bila kuujua.

Sasa habari ya tembo. Filamu moja ya Jamie Uys ya mwaka 1974 iliwaonyesha wanyama wakipepesuka baada ya kula marula, na dunia ikaamini kuwa tembo hulewa kwa tunda hili. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha hesabu zao. Ili tembo alewe, angelazimika kula matunda yaliyochacha matupu, mara nne ya shibe yake, tena asionje maji. Isitoshe, tembo hayangoji yachache. Hupenda kuyachuma yakiwa bado mtini. Mwenye kulewa ni binadamu, anayeyakamua na kuyavundika kwenye chungu.

Tunda hudondoka likiwa kijani, likaivia chini hadi kuwa la manjano. Vitamini C yake huzidi ya chungwa mara kadhaa. Watoto hufyonza nyama yake nyeupe na kutupa kokwa, na hapo ndipo wanapotupa kilicho bora: ndani mna viini viwili au vitatu vitamu, ambavyo zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta. Kokwa lenyewe ni gumu kweli kweli, hata jina Sclerocarya kwa Kigiriki lina maana ya kokwa gumu.

Jambo moja linaniuma. Mng'ongo, kama mpapai, una mti dume na mti jike. Dume hauzai, kwa hiyo mwenye shamba anayetafuta gogo la kuchonga kinu huona hana hasara akiuangusha. Lakini nyuki na nzi huchukua chavua kwenye dume huo na kuipeleka kwa majike ya jirani; ukiondoka, nayo hubaki na maua matupu.

Na mche hutokaje ndani ya kokwa gumu namna ile? Kila kiini kina kifuniko chake kidogo, kilichozibwa barabara. Kokwa likipita tumboni mwa tembo na kuangushwa na kinyesi, vifuniko hulegea upesi zaidi. Mvua ikinyesha, kimoja hufyatuka kama kizibo, na mzizi mweupe ukachungulia nje.