Uuze bei gani? Iulize Excel

Wadau, swali la "hii niuze bei gani?" wengi tunalijibu kwa kuchungulia ukurasa wa jirani. Ila jirani hana mtaji wako wala wateja wako. Ndani ya Excel ya kompyuta kuna kitu kinaitwa Solver (kwenye simu hutakikuta), kinakutafutia bei kwa namba zako mwenyewe.

Chukua mitandio yangu. Mmoja unanigharimu 9,000 mpaka umfikie mteja. Nikiuza 15,000 inatoka 40 kwa wiki, nikiuza 18,000 inatoka 28. Yaani kila nikiongeza 1,000 inapungua minne.

B1 naandika bei, 15000. B2 ni idadi itakayotoka: =100-0.004*B1. Hiyo 0.004 ndiyo ile minne kugawa kwa 1,000, na 100 ni 40 jumlisha 60, maana 0.004 mara 15,000 ni 60. B3 ni faida: =(B1-9000)*B2.

Iangalie B3 vizuri. Bei imeingia mara mbili: inaongeza faida ya kila mtandio, hapohapo inapunguza idadi. Ndiyo maana faida inapanda kama mlima, inafika kileleni, halafu inashuka.

Kuiwasha: File, Options, Add-ins, Go, weka tiki Solver Add-in. Itatokea kwenye Data. Set Objective weka B3, chagua Max, By Changing Variable Cells weka B1, njia iwe GRG Nonlinear, bonyeza Solve. Kwangu imeleta 17,000: mitandio 32, faida 256,000. Kwa 15,000 ni 240,000, kwa 18,000 ni 252,000.

Sasa mtaji wangu unatosha mitandio 30 tu. Nikabonyeza Add, nikaweka B2 <= 30, Solve tena: bei 17,500, faida 255,000. Hapo ndipo nilipoipenda. Kuna mtu alikuwa ananishawishi nikope niongeze mzigo, kumbe mitandio miwili ninayoikosa inaninyima 1,000 tu kwa wiki. Riba yake ingekula zaidi ya hapo.

Angalizo: GRG inapanda mlima ulio karibu na namba uliyoanzia. Kama bei yako ya jumla inashuka ukichukua dazeni, milima inakuwa mingi, anzia namba tofauti tofauti au chagua Evolutionary. Na ikikuletea bei iliyo mbali na zile ulizowahi kujaribu, kwanza ijaribu wiki moja.