Chai Moto na Koo Lako

Mgeni akifika Chepseon, kabla hajaketi vizuri kikombe kiko mbele yake, chai ya maziwa inatoka jikoni ikitoa mvuke. Wapo wanaojisifu kuimeza vivyo hivyo. Mpenzi msomaji, hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 yamkini husababisha saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni. Utafiti wa Eldoret uliochapishwa mwaka 2019 ulikubaliana nao: wanywaji wa chai ya moto sana waliugua zaidi. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, inawajua mno wagonjwa hawa.

Wakulima wetu wasiingiwe na hofu; lawama ni ya moto, si ya majani. Imimine, zungumza na mgeni wako kidogo, ndipo unywe. (Sigara na pombe nazo zimo katika lawama, wala kupoza chai hakuziondoi.) Na ugali ukianza kukukwama kooni mara kwa mara, usingoje hadi uji nao ukatae kupita. Nenda hospitali mapema.