Phuket: Mlo wa Ufukweni na Mlo wa Mjini

Kisiwa cha Phuket, kilicho kusini mwa Thailand katika Bahari ya Andaman, ambayo ni sehemu ya Bahari ya Hindi, hujulikana zaidi kwa fukwe zake za Patong, Karon na Kata, lakini mwaka 2015 UNESCO ilikitambua kwa jambo jingine kabisa, ilipokiingiza katika mtandao wake wa miji inayosifika kwa ubunifu wa mapishi. Heshima hiyo ilitokana hasa na mapishi ya familia za wenyeji, ambayo hayapatikani kwa urahisi katika migahawa iliyojipanga ufukweni, na kwa hiyo mgeni ambaye kila siku hula hatua chache kutoka mchangani anaweza kurudi kwao akiwa ameshiba vyakula vya Kithai bila ya kuonja chakula cha Phuket.

Msingi wa mapishi ya Kithai, popote yanapopikwa, ni kuoanisha ladha nne katika mlo mmoja, yaani ukali wa pilipili, uchachu wa ndimu au ukwaju, utamu wa sukari ya mnazi na chumvi. Chumvi hiyo mara nyingi hutoka katika nam pla, maji ya rangi ya kahawia yanayochujwa kutoka kwa dagaa waliowekwa chumvi wakaachwa wachachuke kwa mwaka mmoja au zaidi, na katika kapi, ambayo ni uduvi waliotiwa chumvi, wakachachushwa na kusagwa hadi wakawa donge zito lenye harufu kali. Msomaji wa Lamu, Tanga au Unguja atavitambua viungo vingi vilivyobaki, kwa kuwa tui la nazi, mchaichai, ukwaju, manjano na giligilani ni vya jikoni mwake pia. Kilicho kigeni kwake pengine ni galanga, mzizi wa jamii ya tangawizi, na majani yenye manukato ya aina ya ndimu yenye ganda la makunyanzi. Hata pilipili, ambayo leo haiwezi kutenganishwa na jina la Thailand, asili yake ni Amerika, na inaaminika kuwa ilienea Asia kwa njia ya biashara ya Wareno, walewale wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao mjumbe wao alifika Ayutthaya, mji mkuu wa wakati huo, mwaka 1511.

Kazi ya kuoanisha ladha huonekana waziwazi pale inapotengenezwa som tam, saladi ya papai bichi. Muuzaji hutwanga kwanza vitunguu saumu na pilipili katika kinu kirefu cha udongo, kwa mchi wa mti, kisha huongeza sukari, kunde mbichi zilizokatwa vipande, nyanya, kamba wadogo waliokaushwa na karanga, akakamua ndimu na kumimina nam pla, na mwisho hutia papai lililochanwa nyuzinyuzi, akiligonga kwa mchi huku mkono wa pili ukigeuza kwa kijiko ili papai lipondeke kidogo tu na kunywa maji ya viungo. Kabla ya kupakua huonja, akaongeza kinachopungua. Chakula hiki si cha Phuket kwa asili. Umaarufu wake umetoka Isan, jimbo la kaskazini mashariki, ambalo watu wake wengi wamehamia visiwani kufanya kazi katika hoteli na ujenzi.

Chakula cha Phuket chenyewe kina historia nyingine. Katika karne ya 19 machimbo ya bati yaliwavuta Wachina wengi wa Hokkien kutoka mkoa wa Fujian, baadhi yao wakipitia Penang, nao wakaoa wanawake wa kisiwani na kuzaa jamii iitwayo Baba, ambayo ndiyo iliyoupa mji nyumba zake za maduka zenye baraza zilizoungana na pia meza yake. Kwao zimetoka mee hokkien, yaani tambi nene za manjano zinazokaangwa pamoja na vyakula vya baharini, na o-aew, utelezi mweupe ulioganda unaoliwa na barafu iliyoparuzwa. Bei ya bati iliporomoka katika miaka ya 1980 na utalii ukashika nafasi ya machimbo, lakini mapishi yalibaki. Pamoja nayo kuna mapishi ya kusini mwa Thailand kwa jumla, makali kuliko ya Bangkok, kama gaeng som, mchuzi wa samaki wenye manjano mengi na uchachu, usiotiwa tui hata kidogo.

Vyakula hivi hupatikana hasa katika migahawa midogo ya wali na michuzi, ambamo sahani kubwa za chakula kilichokwisha kupikwa hupangwa mbele na mteja huchagua kwa kuonyesha kidole. Huko ni vyema kwenda mapema, kwa kuwa mingi hufungwa mchana chakula kinapokwisha. Asubuhi wenyeji hula khanom jin, tambi laini za mchele zinazomwagiwa mchuzi wa samaki wenye tui, pamoja na mboga mbichi na achari zinazowekwa mezani. Wanapokula wengi, sahani za vitoweo huwekwa katikati na kila mtu huchota kidogo kidogo juu ya wali wake. Kijiko ndicho kinachopeleka chakula mdomoni, uma husukumia tu, na kisu hakihitajiki kwa sababu kila kitu kimekatwa jikoni.

Ufukweni mambo ni tofauti. Wapishi wa Patong, wakihofia malalamiko, hupunguza pilipili na kuzidisha sukari na tui, hivyo mizani ya ladha hupotea, na hiyo ni hasara kubwa kuliko bei. Mgeni ana haki ya kuomba chakula chake kama wanavyokula wenyeji, na katika migahawa ya tambi huwekewa vibakuli vya sukari, pilipili kavu, siki na nam pla ili arekebishe mwenyewe. Kuhusu samaki wabichi wanaopangwa juu ya barafu, inafaa kusoma kibao kwa makini, kwa sababu bei mara nyingi huandikwa kwa gramu 100, na chewa wa kilo moja na nusu hugharimu mara 15 ya tarakimu inayoonekana. Mpango ulio wazi zaidi uko Rawai, kusini mwa kisiwa, ambako jamii ya wavuvi wa Urak Lawoi huuza samaki, kamba na kome katika vibanda vyao, na mnunuzi huvipeleka katika mgahawa wa upande wa pili wa njia vikapikwe kwa ujira unaohesabiwa kwa uzito.

Mwislamu naye hana sababu ya kukaa na njaa, ingawa nyama ya nguruwe imeenea katika vyakula vya Kichina vya mjini. Kamala na Bang Tao ni maeneo yenye Waislamu wengi na misikiti, na alama ya halali hubandikwa wazi kwenye vibanda. Humo mna roti za kukandwa na kutandazwa hadi ziwe nyembamba kama karatasi, zikiliwa asubuhi na mchuzi, na mna masaman, mchuzi mzito wa nyama, viazi, karanga, mdalasini na iliki, ambao ulisifiwa katika shairi la Mfalme Rama wa Pili, aliyetawala kuanzia 1809 hadi 1824, na ambao mla biriani wa Mombasa atauelewa tangu tonge la kwanza.