Kipimo cha Akiba ya Jua: Namna ya Kuteua Betri Inayoifaa Nyumba

Utangulizi

Kenya haina uhaba wa jua. Nchi hii inapitiwa na mstari wa ikweta, na kwa sababu hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi. Hata hivyo, jua hutua wakati ule ule ambapo mahitaji ya umeme nyumbani huanza: taa huwashwa, watoto hufungua vitabu, na runinga husubiriwa ilete taarifa ya habari. Pengo hili baina ya saa za mavuno na saa za matumizi ndilo linalozibwa na betri. Paneli huvuna, betri huhifadhi. Ghala likiwa dogo mno, nyumba hulala gizani. Likiwa kubwa mno, fedha ambazo zingelipa karo huzikwa ndani ya sanduku lisilojaa.

Aghalabu betri ndiyo sehemu ya mtambo wa sola inayochakaa kwanza. Pamoja na hayo, mnunuzi wa kawaida huiteua kwa kuuliza swali moja tu dukani: "Ni ya ngapi?" Muuzaji hujibu, "Ya mia moja," nao wote wawili huridhika ilhali hakuna aliyetaja mia moja ya nini. Makala haya yananuia kufafanua maana ya nambari hiyo, kisha kuonyesha hatua za hesabu zinazomwezesha mwenye nyumba kujua ukubwa wa betri anayoihitaji. Aidha, makala yanashikilia kuwa sehemu ya tatizo hili ni ya lugha: maneno yanayotumiwa kila siku kuhusu umeme huchanganya mambo ambayo betri yenyewe haiyachanganyi.

Nguvu na Nishati: Suala la Istilahi

Katika mazungumzo ya kawaida, maneno "nguvu", "nishati", "umeme" na "stima" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Mtu husema betri "haina nguvu" akimaanisha ama kwamba haiwezi kuendesha pasi, ama kwamba imeishiwa na chaji. Kisayansi, hayo ni mambo mawili tofauti.

Nguvu ni kasi ya kutumia umeme, nayo hupimwa kwa wati. Nishati ni jumla ya umeme uliotumika katika muda fulani, nayo hupimwa kwa wati-saa. Mfano wa bomba la maji unafaa hapa: wati ni wingi wa mtiririko unaotoka bombani, na wati-saa ni maji yaliyokwisha kujaa mtungini. Birika la umeme la wati 2000 likiwashwa kwa dakika 6 hutumia wati-saa 200. Balbu ya wati 7 ikiwaka kwa saa 5 kila usiku hutumia wati-saa 35. Birika lina nguvu kubwa na muda mfupi. Balbu ina nguvu ndogo na muda mrefu. Anayeteua betri hana budi kuuliza maswali mawili: je, betri itatoa nguvu ya kutosha kwa wakati mmoja? Na je, itahifadhi nishati ya kutosha usiku kucha?

Nambari iliyoandikwa ubavuni mwa betri nyingi si wati wala wati-saa, bali ni amperi-saa. Ili kuipata nishati, amperi-saa huzidishwa kwa volti. Betri ya volti 12 yenye amperi-saa 100 ina wati-saa 1200, yaani kilowati-saa 1.2. Wakenya wanaonunua umeme kwa tokeni wanakifahamu kipimo hiki kwa jina jingine, kwani yuniti moja ni kilowati-saa moja. Kwa hivyo betri hiyo nzito, inayomtoa fundi jasho anapoipandisha ngazi, imebeba yuniti moja na ushei tu. Kulifahamu jambo hili pekee kungewaepusha wanunuzi wengi na matumaini yasiyo na msingi.

Hatua ya Kwanza: Kuorodhesha Mahitaji

Hesabu ya betri haianzi dukani, huanzia nyumbani. Kila kifaa huorodheshwa pamoja na wati zake na saa kinazotumika kwa siku. Mathalani, kaya ya watu watano isiyounganishwa na gridi ya taifa yaweza kuwa na orodha ifuatayo:

Balbu 5 za wati 7, saa 5: wati-saa 175
Runinga ya wati 40, saa 4: wati-saa 160
Kipakatalishi cha wati 50, saa 3: wati-saa 150
Simu 4, kila moja takriban wati-saa 15: wati-saa 60
Redio ya wati 5, saa 5: wati-saa 25

Jumla ni wati-saa 570 kwa siku. Pasi ya wati 1000 ikiongezwa kwenye orodha hii na kutumiwa kwa nusu saa, itadai wati-saa 500, karibu sawa na mahitaji yote ya familia nzima kwa siku hiyo. Ndiyo maana vifaa vinavyozalisha joto, kama vile pasi, birika na jiko la umeme, haviifai betri ndogo. Nyumba ya namna hii hunyosha nguo zake kwa pasi ya makaa, na uamuzi huo ni hesabu, si umaskini.

Hatua ya Pili: Kufidia Upotevu

Si nishati yote inayotoka kwenye betri inayokifikia kifaa. Inveta, ambayo hubadilisha umeme wa betri uwe kama ule wa gridi, hupoteza sehemu yake kwa njia ya joto, na nyaya nazo hula kiasi chake. Ikichukuliwa kuwa asilimia 85 ndiyo inayofika, wati-saa 570 hugawanywa kwa 0.85, na mahitaji halisi hupanda hadi takriban wati-saa 670.

Hatua ya Tatu: Kuzingatia Aina ya Betri

Betri haipaswi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Kiwango kinachoruhusiwa hutegemea aina yake, na aina mbili ndizo zilizoenea.

Ya kwanza ni betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri hii hudumu zaidi isipotumiwa kupita nusu ya uwezo wake. Maana yake ni kuwa betri ya wati-saa 1200 humpa mwenyewe wati-saa 600 tu za kutegemewa. Aidha, betri ya gari isidhaniwe kuwa sawa na betri ya sola, hata kama zote mbili zimetengenezwa kwa risasi. Ile ya gari imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Ikitumiwa kuendesha runinga kila usiku, hufa mapema.

Ya pili ni betri ya lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991. Watafiti watatu waliochangia kuiunda, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Aina inayotumiwa sana majumbani, ya lithiamu, chuma na fosfeti, huruhusu asilimia 80 au zaidi ya uwezo wake itumike, na hustahimili maelfu ya mizunguko ya kuchajiwa na kutumiwa, ilhali ile ya risasi hustahimili mamia. Kwa kuwa nyumba isiyo na gridi hukamilisha karibu mizunguko 365 kwa mwaka, tofauti hiyo ni ya miaka. Betri ya lithiamu ni ghali zaidi siku ya kununuliwa. Bei yake ilinganishwe na idadi ya usiku itakaoutumikia, si na bei ya jirani yake kwenye rafu.

Hatua ya Nne: Siku za Mawingu

Mwenye nyumba aamue ni siku ngapi betri itamtosha jua lisipotoka. Mkazi wa Lodwar au Garissa ana hofu ndogo ya mawingu. Mkazi wa Limuru au Nyeri, kwa upande mwingine, anaijua baridi ya Julai, wakati wingu huweza kutanda tangu asubuhi hadi jioni.

Kaya ya mfano ikitaka akiba ya siku mbili, itahitaji wati-saa 1340. Kwa betri ya risasi, kiasi hicho hugawanywa kwa 0.5, na jibu ni wati-saa 2680. Kikigawanywa kwa volti 12, hupatikana takriban amperi-saa 223. Betri mbili za amperi-saa 120 zitatosha. Kwa betri ya lithiamu, wati-saa 1340 hugawanywa kwa 0.8 na kuwa 1675. Zikigawanywa kwa volti 12.8, ambazo ndizo za kawaida kwa betri ya aina hii, hupatikana takriban amperi-saa 131. Betri moja ya amperi-saa 150 itatosha. Basi ile "mia moja" ya dukani ingeiacha familia hii ikipapasa gizani kabla ya siku ya pili kwisha, iwe ya risasi au ya lithiamu.

Hesabu hubadilika kwa nyumba iliyo na gridi ambayo hutaka tu kujikinga na kukatika kwa umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani, nyumba za namna hiyo hazikuhitaji akiba ya siku mbili, bali ya saa kadhaa. Taa 5, runinga na kipakatalishi hutumia wati 125 kwa pamoja. Kwa saa 4 ni wati-saa 500, na baada ya kufidia upotevu ni takriban 590. Hapo betri moja ya risasi ya amperi-saa 100 yatosha, ingawa bila ziada.

Je, Kubwa Zaidi ni Bora Zaidi?

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Akiba ya betri ya risasi, hata hivyo, huoza. Betri hiyo ikikaa muda mrefu bila kujazwa, fuwele za salfeti huganda kwenye bamba zake na kuupunguza uwezo wake daima. Kwa hiyo anayenunua betri kubwa na paneli ndogo amenunua mtungi ambao kisima chake hakiwezi kuujaza, nao utapasuka kwa ukavu.

Betri ya risasi huhitaji mkondo wa kuchaji wa angalau takriban sehemu moja ya kumi ya amperi-saa zake. Betri zile mbili zenye jumla ya amperi-saa 240 zitataka amperi 24, ambazo kwa volti 14 za kuchajia ni karibu wati 340 za paneli. Hesabu ya jua nayo huafikiana na hiyo: katika siku za baridi zenye jua linalolingana na saa 3 tu za jua kamili, na asilimia 70 ya mavuno ikifika betrini, wati-saa 670 hudai paneli za takriban wati 320. Betri na paneli ni mume na mke. Hawateuliwi mmoja mmoja.

Methali nyingine inayopotosha hapa ni ile ya haba na haba. Wengi hununua betri moja mwaka huu na kuiunganisha na nyingine mwaka ujao. Betri kuukuu ya risasi huiburura mpya, na baada ya muda zote mbili huwa kuukuu. Heri kununua paneli haba na haba, na betri kwa pamoja.

Nguvu nayo isisahauliwe. Betri ya "mia moja" hupimwa kwa kutoa amperi 5 kwa saa 20. Ikilazimishwa kutoa amperi 50, ile ya risasi haitafikisha saa 2. Jokofu, kwa mfano, hudai linapoanza nguvu mara kadhaa kuliko linapoendelea kufanya kazi, na inveta isiyolingana nalo huzima papo hapo. Joto pia hufupisha uhai wa betri: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, umri wa betri ya risasi hupungua kwa takriban nusu. Mombasa, betri haiwekwi chini ya bati.

Hitimisho

Imebainika kuwa ukubwa wa betri hautokani na jina lake dukani, bali hutokana na matumizi ya nyumba, upotevu, aina ya betri, mawingu ya mahali na paneli zinazoijaza. Hesabu yenyewe haizidi kuzidisha na kugawanya, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaimudu. Kinachokosekana ni istilahi mdomoni mwa muuzaji na mnunuzi. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao mara nyingi huulizwa lugha yao ina faida gani katika sayansi, wana kazi hapa: kuwafundisha watu wao kutofautisha nguvu na nishati, ili mnunuzi wa kesho, akiambiwa "ya mia moja", aulize, "Mia moja ya nini, na kwa saa ngapi?"