Unafunga saa 16, lakini sahani ni lumbesha

HUENDA wewe pia, msomaji, umeambiwa na jirani au mwenzako kazini kwamba dawa ya kitambi imepatikana, tena ya bure. Huhitaji vidonge wala kujiandikisha katika ukumbi wa mazoezi. Unachohitaji, unaambiwa, ni saa ya ukutani tu. Ukimaliza chajio saa mbili usiku, usitie chochote mdomoni ila maji hadi saa sita mchana wa siku inayofuata. Ukihesabu utapata umekaa muda wa saa 16 bila kula, na umebakiwa na saa 8 za kula.

Huko ndiko kufunga kwa vipindi, na mitindo yake ni mingi. Wapo wanaokula kama kawaida siku tano za wiki na kujinyima siku mbili, ambapo mwanamke hula chakula cha kalori 500 hivi kwa siku na mwanamume 600. Mtindo huo ulipata umaarufu baada ya Michael Mosley, mtangazaji wa Uingereza aliyesomea udaktari, kuueleza katika filamu ya BBC mwaka wa 2012. Wengine hula leo na kujinyima kesho. Wengine ni mlo mmoja kwa siku, basi.

Kufunga kwenyewe si jambo geni kwetu. Waislamu wa Bondeni mjini Nakuru hufunga mwezi mzima wa Ramadhani kila mwaka, na Wakristo wengi hufunga wakati wa Kwaresma. Hao hawafungi kwa ajili ya kilo, lakini wametupa somo la kilo hata hivyo. Tafiti nyingi zilizofanywa juu ya wanaofunga Ramadhani zinaonyesha kwamba uzani hupungua kidogo, kilo moja hivi kwa wastani, na aghalabu hurudi wiki chache baada ya Idi. Anayejua futari ya viazi vitamu, kaimati na sambusa hawezi kushangaa.

Sasa, kabla hujaanza, hebu tuondoke mjini tukatazame watu ambao kwao chakula ni kazi. Panda matatu Nakuru, pita Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, uendelee kukwea hadi Mau Narok. Hapa uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi haina huruma. Hapa ndipo hutoka viazi, karoti, kabeji, ngano na maziwa yanayolisha Nakuru na Nairobi.

Mkulima wa hapa hunywa chai ya maziwa kabla jua halijatoka. Saa nne anateremsha jembe, anakula viazi vya kuchemsha na chai nyingine. Mchana ni githeri. Usiku ni mukimo na kabeji, sahani iliyojaa. Ukimwandikia mtu wa mjini orodha hiyo atakuambia huyu lazima awe mnene. Lakini mara nyingi utampata mkakamavu, kwa sababu amelima, amebeba maji na kukimbizana na ng'ombe tangu alfajiri.

Binti yake aliyeolewa Nakuru alilelewa kwa sahani hiyo hiyo, na bado anaipakua. Tofauti ni kwamba yeye anashinda ameketi ofisini, na anakwenda na kurudi kwa matatu. Isitoshe, kiazi chenyewe kimebadilika njiani. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina kalori 87 hivi. Kiazi hicho hicho kikikaangwa kuwa chipsi, gramu 100 hupita kalori 300.

Kwa hivyo haishangazi kwamba uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 uliwapata Wakenya asilimia 27 wa umri wa miaka 18 hadi 69 wakiwa na uzani uliopita kiasi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume 17.5.

Mwili na akiba yake

Ukila wanga, mwili huugeuza kuwa sukari. Isiyotumiwa mara moja huwekwa akiba kwenye ini na misuli, na ziada hugeuka mafuta. Unapokaa bila kula, mwili hutumia akiba ya ini, na kadiri inavyopungua ndivyo unavyozidi kuchoma mafuta. Hilo ni kweli, na ndilo wanaousifu mtindo huu hulitaja sana.

Wasilolitaja ni kwamba akiba ile ya sukari huwekwa pamoja na maji, karibu gramu tatu za maji kwa kila gramu moja. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani hushuka kwa kasi, ukafurahi, ukamwambia kila mtu. Sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Ukila vizuri siku mbili, yanarudi.

Je, saa zenyewe zinapunguza unene? Swali hili limepimwa. Mwaka wa 2020 watafiti wa California, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu 116 wenye uzani mkubwa. Kundi moja lilikula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku pekee, jingine likala milo mitatu ya kawaida. Baada ya wiki 12, waliofunga walikuwa wamepoteza chini ya kilo moja, na wenzao hawakuachwa nyuma kwa kiasi cha kuhesabika. Kibaya zaidi, sehemu kubwa ya kilichopotea kwa waliofunga haikuwa mafuta bali misuli.

Huko Guangzhou, nchini China, watu 139 walifuatwa kwa mwaka mzima, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2022. Wote walipunguziwa chakula. Baadhi yao waliagizwa pia wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliofuata saa walipungua kilo 8.0 na wasiofuata saa kilo 6.3, lakini wataalamu walipopiga hesabu zao waliona tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba saa zilisaidia lolote.

Hapo ungedhani hadithi imekwisha. Lakini kuna jaribio jingine la Chicago, la mwaka wa 2023, ambalo ndilo lililonivutia mimi. Watu walikuwa 90. Kundi moja lilikula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku bila kuhesabu kitu. La pili lilihesabu kalori za kila mlo na kupunguza robo. Na la tatu liliendelea kula kama zamani. Baada ya mwaka, la kwanza lilikuwa limepoteza kilo 4.6 na la pili kilo 5.4, karibu sawa, likilinganishwa na la tatu. Wale wa saa, ambao hawakuhesabu chochote, walikuwa wamepunguza kalori zaidi ya 400 kwa siku.

Jambo hili linatuhusu sisi hasa, kwa sababu ya jikoni zetu. Ni nani katika mtaa wako anayejua upawa mmoja wa githeri una kalori ngapi? Mukimo hupondwa viazi, mahindi na majani ya maboga kwa pamoja, na anayepakua hupima kwa jicho na kwa mapenzi. Kuhesabu kalori ni rahisi kwa watu wanaonunua chakula cha pakiti yenye maandishi mgongoni. Saa kila mtu anayo. Ukifunga jikoni mapema, unakatiza njugu za mbele ya televisheni, mandazi yaliyobaki na ile soda ya saa nne usiku ambayo hakuna aliyekuwa na kiu nayo.

Basi kinachopunguza unene ni chakula kilichopungua. Saa ni mlinzi wa mlango tu.

Lumbesha

Mlinzi huyo hudanganywa kwa urahisi. Watu wa Mau Narok wanaijua vyema lumbesha, lile gunia linaloshonewa kichwa cha ziada ili mnunuzi ajaze viazi zaidi kwa bei ya gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zilisema mfuko usizidi kilo 50, na wakulima wamelalamika miaka mingi kwamba jina ni gunia moja ilhali mzigo ni zaidi.

Wengi wanaofunga hufanya hivyo hivyo. Saa sita mchana ikigonga, mtu aliyeshinda na njaa anajipakulia ugali wa watu wawili, chapati mbili kando, halafu anajisifu kwamba hakula asubuhi. Jina ni mlo mmoja. Mzigo ni lumbesha.

Halafu kuna chai. Mkenya atakuambia amefunga, na mkononi ana kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, eti chai si chakula. Tupige hesabu. Kikombe cha mililita 300, nusu maziwa, na vijiko vitatu vidogo vya sukari, kina kalori 140 hivi. Vinne kwa siku ni zaidi ya 500, sawa na mlo mzima wa siku ya kujinyima katika mtindo wa Mosley. Ukitaka kufunga, ni maji, au strungi isiyo na sukari. Najua inavyoonja.

Jingine ni uvumilivu. Jaribio la awali la Chicago, la mwaka wa 2017, lilijaribu mtindo wa kula leo na kujinyima kesho kwa watu 100. Asilimia 38 ya waliopewa mtindo huo waliacha kabla ya mwaka kwisha, ilhali kati ya wale waliopunguza chakula kidogo kidogo kila siku walioacha ni asilimia 29.

Ikiwa u mzima na wataka kujaribu, anza na muda wa saa 12. Kula chajio kabla ya taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja, badala ya kungojea ile ya Kiingereza ya saa tatu, na usile tena hadi saa moja asubuhi. Kwa familia nyingi za mjini hayo peke yake ni mapinduzi. Katika milo yako usikose maharagwe, mayai, omena au maziwa, na usiache kutembea, ili upunguze mafuta na si misuli. Mwanafunzi anayeruka milo kwa sababu pesa za mkopo zimechelewa, huyo hapunguzi uzani. Huyo ana njaa, na anahitaji chakula.

Wasiofaa kufunga

Mtindo huu si wa mama mjamzito au anayenyonyesha, wala wa watoto na vijana wanaokua. Aliyewahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula au kula kupita kiasi asiuguse. Mwenye vidonda vya tumbo, au anayemeza dawa zinazotakiwa kuliwa pamoja na chakula, aulize kwanza.

Lakini wa kuhofiwa zaidi ni mgonjwa wa kisukari. Tuseme mama yako anaishi Mau Narok na anatibiwa kwa glibenklamaidi, dawa inayolazimisha mwili kutoa insulini uwe umekula au hujala. Wewe unafika nyumbani Jumamosi umepungua kilo nne, shangazi wote wanakusifu, nawe unamwambia mama siri yako. Jumatatu mama anameza kidonge chake kama kawaida, anaruka kiamshakinywa, anachukua jembe.

Kufikia saa nne sukari yake inaweza kuwa imeshuka mno. Dalili ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na maneno kutoeleweka. Katika baridi ya Mau anayetetemeka hudhaniwa anasikia baridi tu, akafunikwa shuka na kuachwa alale. Akiachwa, anaweza kuzimia, hata kufa.

Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko vinne vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, na asipopata nafuu rudia. Akishapata nafuu apewe chakula. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni; mlaze ubavu na utafute gari la kumpeleka hospitalini. Hatari hii huwakabili zaidi wanaotumia insulini au dawa za jamii ya glibenklamaidi. Anayetumia metformini peke yake si rahisi imfike, lakini wengi hupewa dawa mbili pamoja na hawajui ipi ni ipi.

Kwa hivyo mama akitaka kupunguza uzani, na huenda daktari mwenyewe amemwambia apunguze, aende kliniki na pakiti zote za dawa mkononi. Amweleze mhudumu hula saa ngapi, humeza kila kidonge saa ngapi, na hulima siku gani. Pengine kidonge cha asubuhi kitahamishiwa kwenye mlo wa kwanza, pengine dozi itapunguzwa, pengine ataambiwa apunguze ugali na sukari ya chai na asiruke mlo hata mmoja. Hadi apate jibu hilo, ale kiamshakinywa chake.